Kishoka wa viza Mtwara kamgeuza baba yangu "mkurugenzi", sasa wazazi wamekwama kwenda kumwona mdogo wangu Ujerumani

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo moyoni na hasira haijapungua hata kidogo. Leo naliandika lote. Kama mwenye ile ofisi anapita humu, asome mpaka mwisho.

Mdogo wangu wa kike anasoma shahada ya uzamili Berlin. Ndiye kitinda mimba wetu, shule ya msingi kasoma Mtama hukuhuku Lindi, na ufadhili kautafuta mwenyewe bila kubebwa na mtu. Tangu aondoke hajarudi, maana nauli ya kuja na kurudi ni hela yake ya kula ya miezi. Wazazi wakasema basi twende sisi, tukamtie machoni japo wiki tatu. Baba akaweka kando hela ya ufuta, mimi na kaka tukajazia. Hakuna aliyetaka kwenda kuzamia wala kutafuta kazi. Mzee ana mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake, huyo humng'oi Mtama hata umpe ghorofa Ulaya.

Mama alikuwa na lake jingine. Yeye kwao ni upande wa Mipingo, karibu na Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya mjusi mkubwa kati ya mwaka 1909 na 1913. Wazee wa kule ndio waliochimba na ndio walioibeba, vichwani na mabegani, kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mwenyewe amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Mdogo wangu alimtumia Mama picha, kasimama chini ya ile mifupa, hafiki hata kwenye goti lake. Mama aliikuza ile picha kwenye simu mara nyingi sana. Akasema, "Nikifika kwa mwanangu, anipeleke na pale nikaone walichobeba babu zetu." Ndiyo safari yenyewe hiyo wakuu. Mtoto, na ile mifupa.

Pasipoti hazikusumbua. Wote wana namba za NIDA, Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa, akala kiapo, Uhamiaji wakatoa pasipoti kwa 150,000 kila mmoja. Balaa limeanza kwenye viza.

Tukaelekezwa kwenye ofisi moja mjini Mtwara, ya hawa wanaojiita washauri wa safari za nje. Wazazi walikwenda na bahasha imejaa. Nitaje kilichokuwemo, kwa sababu ndicho kinachoniuma: taarifa ya benki ya Baba inayoonyesha malipo ya korosho msimu kwa msimu, stakabadhi za AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) za mzigo alioupeleka ghalani, hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba, barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha ndoa, barua ya mwaliko ya mdogo wangu pamoja na uthibitisho wa chuo na nakala ya kibali chake cha kuishi.

Yule bwana akazipitia upesiupesi, akazirudisha kwenye bahasha. "Mzee wangu, hizi karatasi za kijijini wazungu hawazijui. Niachie mimi." Akataka milioni mbili na nusu, akaongeza na laki moja na nusu ya "fomu". Fomu ya viza ya Schengen, yaani ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni bure wakuu, imeandikwa kwenye kanuni yao wenyewe. Unachowalipa ubalozini ni ada, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hiyo hairudi hata ukinyimwa. Sasa huyu laki na nusu ya karatasi ya bure aliitoza kwa kazi gani?

Siku ya miadi wazazi wakapanda basi usiku kwenda Dar, kila mmoja na faili lake limefungwa vizuri, na maelekezo kwamba wasilifungue "lisije likachanganyika". Wakalala kwa shangazi, asubuhi wakaenda. Yaliyotokea dirishani Baba kanisimulia mara moja tu, hataki kuyarudia.

Aliulizwa kwa Kiswahili, kwa adabu kabisa, "Mzee, hii kampuni yako inashughulika na nini?"

Baba akajibu, "Kampuni gani mwanangu? Mimi nina mikorosho, Mtama."

Yule mtu akatazama karatasi, akamtazama Baba, akauliza anakwenda maonyesho gani ya biashara. Baba kimya. Mama akaingilia, "Tunakwenda kumwona binti yetu, anasoma kulekule Berlin." Na kwenye fomu nzima, wakuu, mdogo wangu hayupo. Hajatajwa popote! Yule kishoka alimfuta, eti ukisema una mtoto Ulaya watadhani unahamia. Badala yake akaandika mkurugenzi wa biashara anakwenda maonyesho na mke wake, watalala hotelini. Barua ya kampuni ipo, na muhuri upo. Taarifa ya benki ipo, siyo ya Baba ninayoijua mimi, imeingiziwa milioni 38 kwa siku moja na kabla ya hapo haina kitu cha maana. Lile fungu la mwaliko halikuwemo hata karatasi moja.

Baba yangu ana umri wa kuitwa babu. Hajawahi kushitakiwa hata baraza la kata. Siku hiyo amesimama mbele ya watu na karatasi za kughushi zenye jina lake, na hata Kiingereza kilichoandikwa pale hakisomi.

Barua ya kukataliwa ikaja. Ile ni fomu ya kawaida yenye visanduku, wanaweka alama kwenye sababu zinazokuhusu. Zao zilikuwa mbili: maelezo ya madhumuni ya safari hayaaminiki, na kuna shaka kama wataondoka kabla viza haijaisha. Tulipompigia yule bwana akasema, "Wazungu ndivyo walivyo, tukate rufaa, leteni laki nane." Baada ya hapo hapokei.

Najua wapo watakaosema ubalozi ndio wabaya. Viza za Ulaya zinatudhalilisha watu wa huku, hilo silibishii. Lakini kwa hili nawaambia ukweli, hata ningekuwa mimi nimekaa lile dirisha ningekataa. Fomu inasema mkurugenzi, mwenye fomu anasema mkulima. Fomu inasema maonyesho, mke anasema mtoto. Wewe ungempa?

Kinachonikera kuliko hata hela ni kwamba ukweli wetu ulitosha. Tangu msimu wa 2007/08, stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho huku Mtwara, mkulima si mtu asiye na kumbukumbu. Korosho inapimwa AMCOS, inaandikwa daraja na kilo, inapelekwa ghala kuu, inauzwa mnadani, malipo yanapitia benki kwenye akaunti yenye jina lako. Kuna wafanyakazi wa mjini hawana mtiririko unaoeleweka namna hiyo. Ni kweli akaunti ya mkulima inajaa kuanzia Oktoba au Novemba, halafu inakauka wakati wa salfa (dawa ya mikorosho) na ada za shule. Hilo linaelezwa kwa barua ya ukurasa mmoja na AMCOS wanaigongea muhuri. Nyaraka za Kiswahili zinatafsiriwa, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo na wanathibitisha. Shamba lenye hati, mikorosho inayosubiri kuokotwa, watoto wengine na wajukuu waliobaki nyumbani, hivyo ndivyo vinavyomwambia ofisa kwamba huyu mzee atarudi. Kishoka akavitupa vyote akamvalisha Baba suti ya mtu mwingine.

Na siyo kwamba alidanganya kwa sababu ni mjanja. Alidanganya kwa sababu ametudharau. Ameona kofia na kanzu, ameona Mama na khanga yake, akajua hawa ni watu wa kusini, hawatauliza. Hii dharau tumeizoea kutoka kwa watu wa mbali, lakini huyu ni wa hapahapa, anakula hela ya korosho kama sisi.

Madhara yake sasa. Nchi za Schengen zina mfumo mmoja wa kumbukumbu za viza unaitwa VIS, maombi yanakaa humo miaka 5 pamoja na alama za vidole. Maana yake ukienda kuomba Ufaransa au Uholanzi wanaiona. Ukiomba Uingereza, fomu yao inakuuliza kama umewahi kunyimwa viza, na lazima ujibu kweli. Baba na Mama hawakuwahi kuomba viza maishani mwao. Wameanza na doa ambalo hawakulitia wao.

Halafu ile "rufaa" ya laki nane. Zamani ungeweza kuwaandikia Wajerumani barua ya kupinga uamuzi, na ilikuwa bure. Utaratibu huo wameuondoa tangu Julai 1, 2025. Kilichobaki ni kufungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, au kuomba upya. Kwa hiyo huyu bwana alikuwa anauza kitu ambacho hakipo tena. Mdogo wangu ndiye aliyenieleza hayo, analia kwenye simu. Anasema kila anapopita uwanja wa ndege anaona wazazi wa wenzake wanapokelewa na maua. Yeye alishaazima godoro, na mwenzake wa chumba alishakubali kuhama kwa wiki tatu.

Wapo pia waliotuambia angewadhamini yeye. Kule kuna hati mwenyeji anasaini ofisi ya wageni kwamba atabeba gharama zote, na wanataka waone kipato. Mwanafunzi anayeishi kwa kiwango chao cha euro 992 kwa mwezi atamdhamini nani? Ndiyo maana tulisema tunajilipia, na uwezo wa kujilipia tulikuwa nao kwenye ile bahasha.

Faili nimelipata. Nililifuata mwenyewe, nikakaa ofisini kwake mpaka akanipa nakala, na ninayo yote: barua ya kampuni hewa, taarifa ya benki, hoteli aliyoihifadhi kisha akaifuta. Kampuni yenyewe nimeitafuta BRELA, kwa wasajili wa kampuni, haipo. Kughushi ni jinai, ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na siyo "changamoto ya huduma" kama alivyoniandikia kwenye ujumbe.

Wewe bwana, kama unasoma: nataka hela ya wazazi wangu yote pamoja na ile ya fomu. Nataka na barua uliyoisaini wewe mwenyewe, yenye jina lako, inayosema hizo nyaraka ulizitengeneza wewe bila wao kujua. Hiyo barua ndiyo kubwa kuliko hela, kwa sababu tunaomba upya. Mara hii Baba anakwenda kama mkulima wa Mtama, na lazima aeleze lile faili la kwanza lilitoka wapi. Kukaa kimya kutamfanya aonekane mwongo mara mbili. AMCOS wameshatuandikia barua, tafsiri zipo njiani, na mwaliko wa mdogo wangu ndio utakuwa karatasi ya kwanza juu.

Wengine mliopita kwenye ofisi ya namna hii Mtwara, Lindi au Masasi, fungueni mafaili yenu hata kama mlipewa viza. Angalieni mmeandikwa nani. Kama ukijikuta una kampuni usiyoijua, niandikie pembeni, tayari nina familia nyingine mbili, moja ya Nachingwea na moja ya Tandahimba. Jumatatu tunakwenda polisi pamoja na nakala mkononi. Kama na wewe yamekukuta, toa nakala yako kabla hajakuita "kuja kuirekebisha", maana yule wa Tandahimba alishaitwa hivyo, akaliacha lile faili mezani, na hadi leo hajaliona tena.