Majina ya kiimbo cha Kiingereza: tufundishe ya Waingereza, ya H na L, au mishale tu?

Ticha_Tabata

Habari za jioni wakuu. Nina darasa la jioni la Kiingereza huku Tabata, watu 14, wengi watu wazima na kazi zao, kuna wa mapokezi hotelini, kuna wanaoongoza watalii, wawili wako kolu senta na mmoja fundi simu Kariakoo. Sarufi wako vizuri, msamiati upo, ila wakiongea kila sentensi inatembea mwendo uleule mwanzo mpaka mwisho.

Kilichonifanya nilete uzi ni dada wa mapokezi. Mgeni kamwambia kitu, hakusikia, akasema "sorry" ya kushuka, mgeni akajibu hamna shida akaondoka zake na mzigo. Kumbe alitaka kumwambia arudie! "Sorry" ikishuka umeomba radhi, ikipanda umesema "unasemaje?" Neno ni hilohilo, herufi zilezile, na mimi mwalimu wake sikuwahi kumwambia.

Basi nikaanza kufundisha kiimbo, yaani sauti inavyopanda na kushuka, nikakwama kwenye majina. Kitabu kimoja kinasema hedi, nukliasi na teli, kingine tonaliti na tonisiti, kingine kimejaa H na L zenye nyota na alama ya asilimia kama risiti. Wiki ya kwanza niliwapa yale ya hedi na nukliasi, wakayakariri vizuri sana, jaribio wamepata wote, halafu wakaongea vilevile kama juzi. Aliyewahi kufundisha hii kitu aniambie alitumia majina gani.

Mzee_wa_Fonetiki

Mwalimu pole, ila kosa siyo la majina, umeyapa kazi isiyo yake. Hayo ya hedi na nukliasi ni ya Waingereza, yanakata kipande cha usemi sehemu nne: kabla ya kichwa, kichwa (hedi), kiini (nukliasi), mkia (teli). Cha lazima ni kiini tu, ile silabi yenye uzito kuliko zote, hivyo vingine vinaweza visiwepo, kama hiyo "sorry" yako ni kiini kitupu. O'Connor na Arnold walikwenda mbali zaidi, wakachukua miimbo kumi kila mmoja na jina lake, kuna Jackknife, Switchback, High Dive, utadhani mieleka. Mtu anayesomea ualimu atafaidi, wa mapokezi utamchosha bure.

Mimi ningechukua ya Halliday, mwanaisimu Mwingereza, 1967. Yeye ana maswali matatu tu. Usemi umeukata wapi, hiyo ndiyo tonaliti. Ndani ya kila kipande umekazia wapi, tonisiti. Sauti inaelekea wapi, toni. Mwanafunzi akikosea unajua kakosea swali lipi, na hapo ndipo jina linakuwa na faida kwa mwalimu.

Binti_Sinza

Mzee nakubali maswali matatu, ila hilo neno toni mlitoe kabisa darasani. Nafundisha Kiswahili sekondari, watoto wetu wanajua toni ni ile ya Kihaya au Kisukuma, ya kubadili maana ya neno lenyewe. Ukimwambia Kiingereza kina toni tano, kama anavyohesabu Halliday, anaanza kutafuta maneno matano. Kiingereza hakina hiyo kitu, kina kiimbo, na Kiswahili hakina pia.

Na "mkazo" nao ni mtego mwingine. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, umemaliza, wasiofuata ni wachache, ndiyo maana mfano wa tofauti unaorudiwa miaka yote ni barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa". Kwa hiyo ukimwambia mwanafunzi "hamisha mkazo" kichwani kwake mkazo hauhamishiki. Halafu sisi tukitaka kusisitiza tunageuza sentensi, hatugeuzi sauti peke yake. Mswahili anasema "mimi ndiye niliyelipa", Mwingereza anasema "I paid" na uzito wote anautupa kwenye "I". Au umeulizwa kama unataka chai, Mswahili anajibu "sipendi" basi, chai haitaji tena. Mwingereza anaitaja lakini anaipitia juujuu, "I don't LIKE tea", kiini kiko kwenye "like" kwa sababu chai imeshatajwa. Wanafunzi wetu wanasema "I don't like TEA" na inasikika kama anataka kukwambia kahawa anapenda. Hapo ndipo pa kukaa mwezi mzima, siyo kwenye majina kumi ya mieleka.

Konda_Mstaafu

Mimi nimepita tu lakini nimeelewa 😂 kwa hiyo nilivyokuwa naita "Mbagala Mbagala Mbagalaaa" nilikuwa na kiini na mkia?

Mzee_wa_Fonetiki

Konda wewe ulikuwa na kiini tatu na mkia hadi Rangi Tatu.

Isimu_Mlimani

Naomba niwatetee wa H na L maana naona wanachekwa. Asili yake ni tasnifu ya Pierrehumbert pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1980, halafu mwaka 1992 ukatoka mfumo wa kuandika unaoitwa ToBI, ukitengenezwa kwa Kiingereza cha Marekani. Wazo lake ni jepesi kuliko sura yake. Kuna sauti mbili tu, juu na chini. Nyota inaonyesha sauti imegongwa kwenye silabi yenye mkazo, alama ya asilimia inaonyesha mwisho wa kipande umeishia wapi. Kupanda na kushuka hakupo kama kitu kimoja, ni pointi mbili zimeunganishwa. Zile ngazi nne za sauti za Mmarekani Pike za mwaka 1945 zilikuwa zinasumbua kwa sababu ngazi ya pili yangu na ya tatu yako hazitofautishiki, mbili zinatosha.

Na faida nyingine, pakua Praat, ni programu ya bure kutoka Amsterdam, unarekodi kwenye laptopu inakuchorea mstari wa sauti. Mwanafunzi anaona "sorry" yake ilivyolala. Hamna kubishana tena na mwalimu.

Binti_Sinza

Praat sawa kabisa, nami naitumia. ToBI kwa watu wa Tabata saa moja jioni wametoka kazini na njaa zao? Hapana mkuu. Kama ni lazima waite J na C, juu na chini, angalau herufi zitamaanisha kitu.

Isimu_Mlimani

J na C sikatai. Ila tatizo la "ipande, ishuke" ni hili, wanafunzi wanadhani swali lolote linapanda. Mtu anauliza "Where do you live?" kapandisha mpaka juu kabisa. Kwa kawaida swali lenye neno la kuuliza Kiingereza kinashuka nalo, linalopanda ni lile la ndiyo au hapana, na hata hilo siyo sheria. Kwetu "umekula" na "umekula?" kinachotofautisha ni sauti peke yake kwa hiyo tumezoea kuitegemea, Mwingereza ameshageuza mpangilio wa maneno, ana nafasi ya kuchezea sauti atakavyo.

Mama_Safari

Nafundisha waongoza watalii, nachangia kidogo. Sisi tulichukua mtazamo wa David Brazil, yule mwanaisimu wa Birmingham, siyo nchi. Yeye hasemi swali linapanda au taarifa inashuka. Anauliza, hili ninalosema msikilizaji analijua tayari au ni jipya kwake? Jipya unashusha, mnalolijua wote sauti inashuka kisha inapanda. Mwongoza watalii akisema "When we get to the gate, we'll stop for lunch", geti wanalijua, chakula ndiyo habari. Vijana wangu walishika siku moja, maana kazi yao ndiyo hiyo, kupima mgeni anajua nini. Majina yake rasmi sikuwapa, niliwaambia "la kwetu" na "jipya" basi.

Na msisahau zile za "isn't it" mwishoni. "You've paid, haven't you?" ikishuka unataka tu akubali, ikipanda kweli hujui. Keshia akikosea hapo mteja anaona anashukiwa.

Ticha_Tabata

Wakuu nimerudi, wiki imepita. Nimefuta ubao wote nikabaki na maneno matatu, kipande, kiini, mwendo. Ni maswali ya Halliday lakini neno toni sikuliandika ubaoni (Binti asante sana, nilipowauliza toni ni nini kweli walinitajia Kihaya). Hedi na mkia nimevitunzia mwenyewe kwa kusahihishia. Praat tumewasha mara moja, fundi simu akawa haondoki kwenye laptopu, amerekodi "sorry" ishirini.

Kwenye kiini tumekaa siku tatu na bado. Nilichofanya nikawapa sentensi moja, "I paid the bill", wenzake wanauliza nani, au umefanya nini, au umelipa nini, na yeye anajibu kwa maneno yaleyale bila kuongeza "ndiye". Wanateseka! Dada wa mapokezi ndiye wa kwanza kuipata. Mtazamo wa Mama Safari nitauleta baadaye, nikiuweka sasa hivi nitachanganya.

Kilichobaki ni ule mwendo wa kushuka halafu kupanda. Ule wa "It's good" ambao ndani yake kuna "lakini" haijasemwa, kama sisi tunavyosema "kizuuuri..." ya chakula cha jirani. Jina lake refu mno, nataka neno moja.

Mzee_wa_Fonetiki

Halliday aliupa namba, ni mwendo wa nne.

Binti_Sinza

Namba tena jamani. Uite bonde.

Konda_Mstaafu

Uiteni Jangwani. Unatoka Fire unashuka, ukifika chini unaanza kupanda Magomeni. Kila mtu Dar anaijua.

Ticha_Tabata

Konda umemaliza. Kesho naandika ubaoni JANGWANI.

Isimu_Mlimani

Na mvua ikinyesha Jangwani kukajaa maji?

Konda_Mstaafu

Sentensi inageuzia Fire.