Cheti cha ukaguzi wa Japan si historia ya gari. Bondi za Kampala, acheni kutufanya wajinga

Jamani, hili limezidi. Ingia bondi pale Nakawa, yadi ya magari yaliyoagizwa nje, uliza historia ya gari, utaletewa karatasi moja yenye muhuri: cheti cha ukaguzi kabla ya gari kusafirishwa. "Hii hapa, imepita viwango vya UNBS," yaani shirika la viwango la Uganda. Broka anakunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

Karatasi hiyo inasema kwamba siku fulani, kwenye yadi fulani Japan, breki zilishika, taa ziliwaka, tairi zilikuwa na meno na kutu haikuwa imekula chasisi. Basi. Gari liligongwa mara ngapi, mlango wa kushoto umetoka gari gani, mkaguzi hakutumwa kutafuta hayo. Gari lililopinduka likanyooshwa vizuri linapita ukaguzi huo bila hila yoyote. Hila inaanza hapa kwetu, pale muuzaji anapoiita karatasi ya siku moja historia.

Kilicho cha maana kwenye cheti hicho ni vitu viwili tu: kilomita na tarehe. Na vyenyewe havisemi lolote mpaka uviweke kando ya karatasi nyingine mbili ambazo bondi hawapendi kuzitoa.

Ya kwanza ni cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kuuza nje, ambacho serikali ya Japan hutoa. Kina tarehe ya usajili wa kwanza na kilomita zilizosomwa kwenye shaken, ule ukaguzi wao wa lazima: gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Miaka mara nyingi imeandikwa kwa kalenda yao. Ukiona Heisei, jumlisha 1988. Heisei 26 ni 2014. Ukiona Reiwa, jumlisha 2018. Reiwa 3 ni 2021. Hesabu hiyo haihitaji mkalimani.

Ya pili ni karatasi ya mnada, ripoti ya hali ya gari iliyoandikwa lilipouzwa mnadani Japan. Hapa ndipo wanaponiudhi kabisa, kwa sababu wanakutumia picha iliyokatwa mahali palipo na gredi na namba ya chasisi. Unabaki na mchoro wa gari usiojua ni wa gari gani. Dai karatasi nzima. Gredi 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida, R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa: A1 hata usihangaike nayo, W3 shuka chini uangalie. Maandishi ya Kijapani pembeni yapige picha kwa programu ya kutafsiri, maana ndipo huandikwa kwamba kilomita hazijulikani au mita ilibadilishwa. Karatasi hizi nazo huchezewa kwa kompyuta, kwa hiyo ukiwa na namba kamili ya chasisi lipia nakala yako mwenyewe kutoka kwa huduma zinazohifadhi rekodi za minada. Ada yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Sasa panga kilomita kwa tarehe: shaken, mnada, cheti cha ukaguzi, dashibodi ya leo. Lazima zipande. Tuseme shaken inasema 118,400 na dashibodi inasema 67,000. Hapo hakuna mjadala wa "mita ya Kijapani inasoma tofauti", ondoka. Anayekwambia karatasi zilipotea Mombasa muulize alilipaje ushuru bila hizo karatasi.

Na acheni kuwatuma watu kwenye tovuti za Marekani za kukagua VIN, ile namba ya utambulisho wa gari. Gari la Kijapani lililotengenezwa kwa soko la Japan kwa kawaida halina namba hiyo ya herufi na tarakimu 17. Lina msimbo wa modeli, kama NZT260 kwa Toyota Premio, kistari, kisha tarakimu. Tovuti hizo hazina la kukupa, na nyingine zitakula pesa zako zikupe ukurasa mtupu. Namba yenyewe isome kwenye chuma, kwenye ukuta nyuma ya injini au kwa baadhi ya magari sakafuni chini ya kapeti ya kiti. Usitosheke na kile kibati kilichopigwa ripiti. Pitisha kidole: ukihisi alama ya kuchomelea kuzunguka namba, au rangi ya pale ni mpya kuliko ya jirani, usiendelee kujadili bei.

Mwaka nao una mchezo wake. Sheria ya Uganda iliyorekebishwa 2018 inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na karatasi za Japan zinaonyesha usajili wa kwanza, si kutengenezwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho usome lebo iliyoko chini, mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa mkanda wenyewe, ambayo hukaribiana na ya gari. Ukiuvuta hivyo utaona pia kama kuna tope la mafuriko ambalo msafishaji hakulifikia. Angalia na nguzo ya mlango na chini ya boneti kama kuna stika ya oili au ya kubadilisha taimingi belti yenye kilomita. Ajabu ni kwamba wanarudisha mita nyuma halafu wanasahau kubandua stika!

Bodi: toa tairi la akiba, angalia sakafu ya buti kama ina mikunjo au silanti (gundi ya kuzibia maungio) iliyopakwa kwa mkono. Boliti za fenda zilizokwanguka rangi zimefunguliwa. Kipimo cha unene wa rangi kikisoma kati ya maikroni 80 na 150 ni rangi ya kiwandani. Kikiruka mia kadhaa juu ya hapo, kuna filla, ile plasta ya kujazia vibonyeo.

Lakini gari ambalo tayari lina namba ya Uganda ndilo giza kabisa. Ukaguzi wa lazima wa magari ya binafsi ulianza, ukasimamishwa 2017, na kwa miaka mingi baada ya hapo hapakuwa na rekodi rasmi ya kilomita za gari lako. Miaka mingi ya barabara zetu, rekodi rasmi sifuri. Halafu muuzaji anakuonyesha cheti kilekile cha Japan! Hapo lipeleke kwa wakaguzi wa magari wa polisi, Naguru, ulinganishe namba za chasisi na injini na zile za logibuku (kitabu cha umiliki wa gari), na uangalie faini za EPS, zile za papo kwa papo za polisi wa barabarani, kabla hazijawa zako.

NYONGEZA, kwa aliyeuliza afanye nini muuzaji anapodai logibuku "iko kwa wakili": mara nyingi hiyo ni dhamana ya mkopo. Tafuta namba ya chasisi kwenye SIMPO, rejista ya dhamana ya URSB (ofisi ya usajili ya Uganda), iliyotokana na sheria ya 2019 ya dhamana za mali zinazohamishika. Jina la mkopeshaji likitokea, pesa zako zipitie kwake kwanza, atoe barua ya kuachia gari, rejista isomeke safi, ndipo umlipe muuzaji kilichobaki. Na fomu ya kuhamisha umiliki iliyosainiwa ikaachwa wazi bila jina la mnunuzi usiipokee hata kwa punguzo. Aliyesaini hayupo, na huyo aliye mbele yako hana gari la kukuuzia.