Kadi ikipotea, na kura ipotee?

Wana Tanga, jana barazani Ngamiani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee mmoja alisema asiye na kadi ya mpiga kura arudi nyumbani, la sivyo wizi utaingia. Namheshimu, ila hapo sikubaliani naye.

Uchaguzi wa 2020 nilimsindikiza shangazi yangu, mchuuzi wa samaki. Kadi yake ilikuwa imepotea. Tume ya Uchaguzi ilisharuhusu aliyeandikishwa na kupoteza kadi atumie pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa, yaani cha NIDA. Shangazi hajawahi kusafiri nje wala kushika usukani. NIDA alikuwa na namba tu, imeandikwa kwa peni kwenye kikaratasi alichokifunga pembeni mwa kanga. Karani akamkatalia. Jina lake lilikuwa limebandikwa ukutani, hatua chache kutoka aliposimama, na majirani kwenye foleni wakisema, "Huyu tunamjua, ni wa hapa hapa." Akafunga tena pembe ya kanga, tukaondoka. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Mzee ana hoja moja nzito, tusimnyime. Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, lakini inaruhusu pia sheria imzuie aliyeshindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji wake. Sawa. Lakini kuthibitisha ni kadi peke yake? Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa kwa orodha ya wakazi, bila kadi ya mpiga kura.

Na huo wizi tunaouogopa, wa mtu kuja kwa jina la mwenzake? Huko Marekani, jimbo la Indiana lilidai kitambulisho chenye picha, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ikaamuliwa mwaka 2008. Mahakama iliiacha sheria isimame, ingawa majaji wenyewe waliandika kuwa kumbukumbu za kesi hazina ushahidi wa wizi wa aina hiyo kuwahi kutokea Indiana. Hapa kwetu anayepiga kura huchovywa wino kidoleni, akirudi mara ya pili anaonekana.

Mimi nasema jina likiwemo daftarini, na mawakala wa vyama wapo chumbani, mjumbe na majirani wawili wamtambue mtu kwa kiapo na saini, apige kura. Wa Chumbageni, Makorora, Pongwe, mnaoshikilia kadi tu, nijibuni: shangazi yangu siku ile angemwibia nani?