Mliosoma Ujerumani, wiki zenu za kwanza zilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Masomo yanaanza Oktoba na wadogo zetu wanafunga mabegi. Naomba tuwaambie yale ambayo barua ya chuo haisemi. Naanza mimi.

Nilifika Leipzig chumba ninacho. Siku ya tano nikaenda kufanya Anmeldung, yaani kujiandikisha makazi, maana sheria inakupa wiki mbili tu tangu uhamie. Nikakaa kusubiri namba ya mlipakodi na kadi ya benki. Vyote huja kwa posta, na namba ya siri ya kadi huja na bahasha yake peke yake. Wiki ya tatu kimya. Bibi wa ghorofa ya chini ndiye aliyenishika mkono hadi kwenye visanduku vya barua mlangoni: changu bado kilikuwa na jina la mpangaji aliyehama! Kule mtu wa posta anatafuta jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Nilichana karatasi ya daftari, nikaandika jina la ukoo, nikabandika kwa plasta ya kidonda. Jamani, kabla hujafungua begi, bandika jina.

Mchangiaji, Kassel
Mimi Mkenya, nilitua Jumamosi usiku. Kesho yake Jumapili, maduka yote yamefungwa. Nilishinda na njugu za kwenye ndege. Sikujua kwamba kwenye stesheni kubwa za treni kuna maduka yanayofunguliwa.

Mchangiaji, Kiel
Kwangu mimi kilichonitesa ni kiza. Desemba saa kumi alasiri jua lishatua, na asubuhi saa mbili bado usiku. Nikawa nalala tu, nikidhani naumwa. Kilichonitoa ni kuogelea kila Jumanne na wenzangu wa chuo. Msijifungie ndani.

Mchangiaji, Dodoma
Kaka, naondoka mwezi ujao na chumba sijapata. Nifanyeje?

Mleta uzi
Mdogo wangu, anzia hosteli, si aibu. Mwenye chumba akikuambia hapa hujiandikishi, achana nacho: bila karatasi yake ya kuthibitisha umehamia kwake, Anmeldung hupati. Na dhamana usitume kabla hujakiona chumba kwa macho. Rafiki yangu alituma euro 600 kwa mtu wa mtandaoni. Alipofika na masanduku yake, anwani ile ilikuwa ya duka la baiskeli.