Mwenye rimoti wa Kirumba, zimebaki MITA 80 unabadilisha chaneli??

Binti Mwaloni (mleta mada):

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nimetoka pale sasa hivi, nimesimama kwenye kivuli cha duka la mangi naandika kwa kidole kimoja, kingine kinatetemeka.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Wa Kirumba hapa Mwanza mnamjua, wa Kitangiri mnamjua, hata nyie wa Ukerewe mkishuka kwenye meli kitu cha kwanza ni kupita pale kuuliza nani kafungwa. Mwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kutazama mpira. Mwenye rimoti iliyofungwa raba nyekundu, analala nayo, anaoga nayo, anaendea nayo msibani. Simtaji jina, sina hela ya wakili.

Mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo, fainali ya mita 800 wanawake, mchana huu. Nimelipa buku. Nimelipa KABLA. Nikamwambia, "Kaka, nataka hii mbio tu, haifiki hata dakika mbili, mpira wenu wa maana ni jioni." Akasema poa dada. Poa dada! Na hela akaibusu kabisa akatia mfukoni.

Bastola imelia. Mary Moraa huyoo mbele, anakimbia kama mtu anayedaiwa, mzunguko wa kwanza umeisha hawajafika hata sekunde 56. Mimi natangaza, maana kibanda kizima hakijui kitu. Nawaambia huyu ndiye bingwa wa Budapest 2023, yule Mwingereza Keely Hodgkinson ndiye wa dhahabu ya Olimpiki Paris, yule mwenzake Georgia Hunter Bell ana shaba ya 1500 ya Paris hiyo hiyo, kashuka kuja kutafuta na huku. Watu wameanza kunogewa! Muuza kahawa ameweka birika chini. Mzee mmoja kasimama kabisa, anamshangilia mtu hata hamjui. Wanatoka kona ya mwisho, Waingereza wako mbele, na kwa nyuma pale Lilian Odira wa Kenya anaanza kufungua hatua. Zimebaki mita 80.

MITA 80.

Chaneli ikaondoka.

Tumetua wapi? Man United na Chelsea. YA JANA. Marudio! Mechi ambayo kipa wa Chelsea kala nyekundu dakika ya tano, United kashinda mbili moja, tumeiona wote, pale pale, kwenye viti vile vile, na yeye ndiye aliyeshangilia mpaka akavunja benchi. Basi ungekuta hata ni goli. Ilikuwa MPIRA WA KURUSHA.

Nikageuka kumtazama. Hakunitazama. Anakuna kitambi kwa pembe ya rimoti, anasema: "Watafika tu hao wamama, hawapotei."

Watafika tu.

Jamani, watafika tu!! Mtu ameacha watoto nyumbani, amekwenda mpaka Japani, amebakiza mita 80, unasema watafika tu! Wewe siku unajengewa kaburi na sisi tutasema utafika tu!

Nimehangaika na simu, bando linazunguka, linazunguka, likafunguka. Odira dhahabu, 1:54.62. Rekodi ya mashindano. Ile ya zamani ilikuwa 1:54.68 ya Jarmila Kratochvílová, Helsinki 1983. Miaka 42 imekaa pale haiguswi, imeguswa leo, imevunjwa ndani ya zile mita 80, na mimi wakati huo natazama beki anapangusa mpira kwa fulana. Na nyuma yake Hunter Bell 1:54.90, Hodgkinson 1:54.91. Sehemu moja ya mia ya sekunde imegawa fedha na shaba! Waingereza wawili wamejirusha kwenye mstari na mimi sijaona hata kiwiko!

Jumanne fainali ya 1500 nilisamehe. Faith Kipyegon anachukua ubingwa wake wa nne wa dunia wa 1500, 3:52.15, Dorcus Ewoi wa pili, Kenya tena, na mimi sikuona kwa sababu kibanda kilikuwa kinajiandaa na Ngao ya Jamii. Simba na Yanga, naelewa, mimi si mnyama. Lakini leo? Marudio? Kurusha?

Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za vibanda. Nawasilisha.

Sangara Mzee:

Umerudishiwa buku?

Binti Mwaloni:

Suala siyo buku!

Sangara Mzee:

Kwa hiyo hujarudishiwa.

Kinda la Pasiansi:

Mimi kama shabiki wa United namtetea mwenye kibanda. Sisi tunashinda kwa msimu. Mechi ile irudiwe mpaka Krismasi, na hiyo kurusha ilirushwa vizuri sana.

Kiti cha Nyuma:

Nilikuwepo. Mleta mada hajasema alirusha kandambili.

Binti Mwaloni:

Ilinivuka mguuni yenyewe.

Kiti cha Nyuma:

Ikavuka safu tatu za watu ikamfikia muuza kahawa, sawa.

Fundi Cherehani wa Mabatini:

Swali la kizalendo. Mtanzania alishika nafasi ya ngapi kwenye hiyo fainali?

Binti Mwaloni:

Hakuwepo. Ndiyo niache kuangalia? Wewe kwenye Man United na Chelsea, wa Mabatini walikuwa wangapi?

Fundi Cherehani wa Mabatini:

Umenishika pabaya. Ila dhahabu yetu tunayo. Alphonce Simbu, marathoni, Jumatatu, 2:09:48, kamfunga Mjerumani kwenye mstari kabisa mpaka muda umeandikwa sawa. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania mashindano ya dunia tangu yaanze.

Kiti cha Nyuma:

Ilikimbiwa usiku wa manane kwa saa zetu. Rimoti ilikuwa imelala, ndiyo maana tukaona mpaka mwisho.

Mama Wawili Igoma:

Mdogo wangu, pole, niko upande wako. Mimi nimekimbia 800 UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, njia zimechorwa kwa majivu, nakwambia mita 80 za mwisho NDIYO mbio yenyewe, zingine zote ni nauli. Mzunguko wa kwanza unaweza kujidanganya. Wa pili kila mtu anapungua kasi, hakuna anayeongeza, ila kuna anayepungua kidogo kuliko wenzake, na yule unamwona anawapita wote unadhani amewashwa upya. Huyo ndiye Odira wa leo. Moraa alitoa nauli yote mapema, akaishia nyuma huko.

Na hiyo 1:54.62 gawanya kwa mbili. Ni mizunguko miwili, kila mmoja kama sekunde 57. Namwomba mwanaume yeyote aliyekuwa kibandani akimbie MMOJA kwa sekunde 57. Asipotapika ubwabwa nitampa kuku.

Kinda la Pasiansi:

Kuku wa kienyeji au wa kisasa?

Kiti cha Nyuma:

Mwenye rimoti kutoka kwenye kiti mpaka kwenye jenereta anapumzika mara mbili. Na jenereta liko ndani.

Mwana Majita:

Vijana, mnaongea kama riadha imeanza na ving'amuzi. Kwetu Majita, Musoma vijijini, ametoka Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5000, Moscow 1980. Mwaka huo huo Filbert Bayi fedha ya kuruka viunzi na maji. Tulisikiliza kwa redio ya betri, na mwenye redio akiamua kuzima anazima, huendi popote kulalamika. Huyo Bayi mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya 1500, 3:32.16, anaongoza kuanzia bastola mpaka utepe. Moraa anakimbia hivyo hivyo, tofauti Bayi alikuwa hakamatiki. Nashangaa hakuna anayefundisha watoto mbinu ile siku hizi. Nyambui naye mbio zake za nyuma, anakaa, anakaa, halafu...

Sangara Mzee:

Mzee, huu uzi wa rimoti.

Mwana Majita:

Nilikuwa naelekea huko.

Shemeji wa Busisi:

Hivi mmeona walichofanya wanawake wa Kenya Tokyo? 800 Odira, 1500 Kipyegon, 5000 na 10,000 zote Beatrice Chebet, viunzi na maji Faith Cherotich, marathoni Peres Jepchirchir. Kuanzia mizunguko miwili mpaka kilomita 42 hawajamwachia mtu hata moja. Na Odira ni mama wa watoto wawili na ni askari magereza. Mwenye rimoti aombe sana asije kukutana naye kazini.

Furu Mkavu:

Odira ni jina la ziwa hili hili, ng'ambo tu hapo. Mimi nahesabu ni dhahabu yetu, wamekula sato mmoja na sisi.

Sangara Mzee:

Sato gani? Asubuhi nimeenda mwaloni, kuna sato anauzwa nikaogopa hata kumtazama, nikahisi nitadaiwa. Nimerudi na dagaa. Mke wangu ananuna mpaka sasa.

Furu Mkavu:

Hilo ndilo la kuanzishia uzi. Tunakaa ziwani tunakula samaki kwa picha.

Binti Mwaloni:

Jamani, mita 80...

Shemeji wa Busisi:

Wewe wa samaki una nafuu. Mimi miaka nimepanga foleni ya kivuko pale Kigongo, nimekula mahindi ya kuchoma mpaka muuzaji akaniita kaka wa kambo. Daraja limefunguliwa Juni, kilomita tatu, dakika chache umevuka. Sasa mke wangu hanielewi tena nikichelewa kurudi kwa visingizio vya kivuko. Hilo hakuna aliyelifikiria.

Kinda la Pasiansi:

Hahaha, shemeji, umeumizwa na maendeleo.

Mtaalamu wa Takwimu:

Marekebisho kidogo kwa mleta mada. Rekodi iliyovunjwa ni ya mashindano. Ile ya dunia, 1:53.28, bado ipo, ni ya Kratochvílová huyo huyo, Munich, mwaka 1983 huo huo. Naomba tuwe makini.

Binti Mwaloni:

Nimeandika ya mashindano. Soma.

Mtaalamu wa Takwimu:

Nimesema tuwe makini tu.

Mpangaji Nyegezi:

Mnalia na rimoti, mimi mwenye nyumba wangu ameweka swichi kuu ya umeme chumbani kwake, chini ya kitanda. Saa nne usiku anazima nyumba nzima kwa sababu yeye ana usingizi. Friji langu linajua saa kuliko mimi.

Konda Mstaafu:

Kuna konda ruti ya Igoma, mnamjua, aliniambia chenji nitakuta mbele. Mbele wapi? Nimeshuka, gari limeondoka, chenji nayo imeendelea na safari.

Nusu Kipara:

Wote mmeshindwa. Kuna kinyozi Buzuruga, namba yake simwagi hapa. Jana ananinyoa, kafika katikati, nje wakapiga kelele kuna penalti. Akazima mashine akatoka. Nimekaa kwenye kiti dakika ishirini na shuka shingoni, kichwa upande mmoja kipara upande mmoja msitu. Watoto wa shule ya msingi wamekuja kunichungulia dirishani kwa zamu. Akarudi amekasirika kwa sababu wamekosa penalti, akanimalizia kwa hasira.

Kiti cha Nyuma:

Weka picha.

Mama Wawili Igoma:

Upande gani alianza?

Nusu Kipara:

Kushoto.

Kinda la Pasiansi:

Huyo namjua, mwenye bango la mchezaji asiyefanana. Ni fundi mzuri ila mpira ukianza usimkaribie.

Binti Mwaloni:

Mnaongelea kinyozi kwenye uzi wangu??

Sangara Mzee:

Dada, kwani wewe hunyolewi?

Fundi Cherehani wa Mabatini:

Huyo kinyozi anachukua shilingi ngapi? Kijana wangu ana sherehe wiki ijayo, nataka apunguzwe pembeni.

Nusu Kipara:

Bei zake za kawaida tu, na mkono anao kweli. Ukishuka stendi ya Buzuruga ulizia banda la bluu.

Fundi Cherehani wa Mabatini:

Nimpeleke jioni hii?

Nusu Kipara:

Thubutu. Jioni Arsenal na City. Mpeleke kesho asubuhi mapema.