Mama, meli ya Dubai na masharti ya korona yanayobadilika kila wiki: nisaidieni kupanga

BintiNakiwogo, Entebbe
13 Januari 2022

Habari zenu ndugu zangu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu sisi ni watoto wa kambi, baba alikuwa askari, na jambo zito nalieleza vizuri zaidi kwa lugha hii.

Mama yetu anatimiza miaka 65 mwezi wa pili. Amekaanga samaki pale gatini Nakiwogo zaidi ya miaka 20 na kutusomesha sote watatu kwa karai lile lile, na kila siku saa 8 mchana anaitazama feri ya MV Kalangala ikiondoka kwenda visiwani. Yeye mwenyewe hajapanda chombo chochote kikubwa kuliko mtumbwi wa mashine. Sasa kaka yetu anayefanya kazi jikoni kwenye hoteli huko Dubai amejinyima miaka miwili, akamkatia mama nafasi kwenye meli ya kitalii: siku saba, inatoka Dubai, inapita Abu Dhabi na Doha, inarudi Dubai. Tumekatiwa mimi, mama, na dada yangu anayefundisha Nairobi. Safari ni katikati ya mwezi wa pili.

Nafasi zilikatwa Oktoba, wakati mambo yalikuwa yametulia. Kisha kirusi cha Omicron kikatangazwa Novemba, na tangu hapo kila nikiamka sharti jipya limetoka. Haya ndiyo yanayoninyima usingizi:

Dada wa Nairobi. Tangu tarehe 25 Desemba, Falme za Kiarabu hazipokei abiria wanaotoka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Sisi wa Uganda tunaruhusiwa, ila kwa kipimo cha PCR (kile cha kijiti cha puani kinachopelekwa maabara) ndani ya saa 48, halafu kipimo kingine cha haraka pale pale uwanjani Entebbe ndani ya saa 6 kabla ya ndege kuondoka. Dada anasema atapita mpaka wa Busia, akae kwetu siku 14, kisha tuondoke pamoja. Je, inakubalika?

Mama. Amechanjwa AstraZeneca, ile ya Covishield inayotengenezwa India. Ya kwanza alipata Aprili mwaka jana, ya pili akaikosa miezi mitano kwa sababu dozi ziliisha hapa Uganda, India ilipozuia zake zisitoke. Alimaliza Septemba. Jina kwenye kadi ya chanjo na jina kwenye pasipoti yanatofautiana kwa herufi moja.

Pesa. Mwaka 2020 nilimlipa wakala mmoja wa Kampala tiketi mbili za Aprili. Entebbe ikafungwa kwa abiria tarehe 22 Machi, wakala akaniambia nisubiri, na kiwanja kilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba ofisi yake ilikuwa duka la simu. Sikuona hata shilingi. Zile zilikuwa pesa zangu, nikanyamaza. Hizi ni jasho la kaka yangu, sitaki zipotee mikononi mwangu.

Naomba ushauri wa mtu aliyepitia.

---

Malori_Kwanza, Tororo
13 Januari 2022

Dada, pole na hongera kwa mama. Nakujibu la Busia tu, maana ndiyo njia yangu.

Mwambie dada yako asichelewe hata siku moja, na asipange kwa saa, apange kwa siku. Mwezi huu sisi madereva tuligoma tulipoambiwa kila mmoja apimwe na kulipia dola 30 mpakani. Foleni ya malori ilivuka kilomita nyingi upande wa Kenya. Mimi nililala Malaba, mpaka wa jirani na Busia, usiku wa nne nikipikia kwenye stovu chini ya trela. Ndiyo maana petroli Kampala imepanda mpaka watu wanauziana kwa chupa. Abiria wa miguu anapita kwa urahisi kuliko sisi, lakini lazima aje na PCR yake ya Nairobi mkononi. Ahesabu pia nauli: matatu na basi za upande huu zimepandisha bei kwa ajili ya mafuta. Aweke akiba.

---

Nesi_wa_Jinja
14 Januari 2022

BintiNakiwogo, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Nafanya kazi maabara, sitataja wapi. Nisikilize vizuri mpendwa.

Zile saa 48 zinahesabiwa tangu kijiti kinapoingia puani. Wengi wanahesabu tangu majibu yanapotoka, na hapo ndipo wanapoachwa. Nimeona kijana analia mbele ya dirisha letu kwa sababu alipimwa Jumatatu asubuhi kwa ndege ya Jumatano jioni. Majibu yake yalikuwa safi kabisa, cheti kilikuwa na alama ya QR, kila kitu sawa, ila muda ulikuwa umepita kwa saa chache tu. Chukua karatasi, andika saa ya ndege, rudi nyuma saa 40, hapo ndipo umpeleke mama. Saa nane za akiba ni za foleni ya barabara ya Entebbe.

Jina lirekebishwe leo, usingoje. Cheti cha chanjo kinachokubalika ni kile cha Wizara ya Afya chenye QR, kinachotoka kwenye mfumo wa EPIVAC. Nenda na pasipoti ya mama pale alipochanjwa dozi ya pili, waombe jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Covishield yenyewe isikutie hofu: Shirika la Afya Duniani liliikubali tangu Februari 2021. Ila muulize kaka aombe kampuni ya meli imjibu kwa maandishi kwamba wanaipokea, kwa jina hilo hilo la Covishield.

Na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Mama aliugua mafua Desemba? Desemba nusu ya watu wa Kampala na Entebbe walikuwa wanapiga chafya, na wengi hawakupimwa. PCR inaweza kuendelea kuokota mabaki ya kirusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mtu mzima, mzima kabisa, anafika uwanjani na kuambiwa ana korona. Kwa hiyo mpime mapema, wiki mbili tatu kabla, kwa gharama yenu. Najua si hela ndogo. Lakini ni heri mjue mkiwa nyumbani, wakati tarehe bado inaweza kusogezwa.

Msisahau kadi ya homa ya manjano, mkirudi Entebbe itaulizwa. Na mkirudi mtahitaji PCR ya Dubai ya saa 72, kisha mtapimwa tena mkishuka, dola 30 kila mmoja. Wekeni dola 90 kando, msiziguse.

---

Mkweli2022
14 Januari 2022

Mimi nauliza tu. Pesa hizo si zingemjengea mama vyumba viwili vya kupangisha? Meli siku saba halafu basi. Tena wakati wa korona.

---

BintiNakiwogo
14 Januari 2022

Ndugu Mkweli, nyumba anayo, tulimjengea 2018. Hii ni zawadi. Wakati wa wimbi la korona la Juni mwaka jana alizika majirani wawili wa pale gatini ndani ya wiki moja, na aliporudi kwenye maziko ya wa pili alikaa kitandani akauliza, "Hivi mimi nitakufa sijaenda popote?" Kaka alisikia kwenye simu. Ndiyo sababu.

Nesi, Mungu akubariki. Ndiyo, aliugua mafua wiki ya Krismasi. Nimeogopa.

---

Baharia_Likoni, kwa sasa Kampala
15 Januari 2022

Salamu dada. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeoa huku. Nilifanya kazi meli za kitalii miaka sita, nikitandika vitanda vya wageni. Nitakuambia ninayoyajua kwa macho yangu.

Machi 2020 tuliwashusha abiria, sisi wafanyakazi tukabaki. Kila bandari ilitufungia. Nilikaa miezi minne kwenye chumba kisicho na dirisha. Chakula kinawekwa mlangoni, mtu anagonga mara mbili anaondoka, ukifungua humkuti. Mara mbili kwa siku tulipandishwa sitahani nusu saa tuone jua, kila mtu amesimama kwenye alama yake ya gundi nyekundu. Kenya ilikuwa imefunga anga, ndege za kimataifa zikarudi tarehe 1 Agosti, nikafika Likoni wiki hiyo. Mwanangu alinikimbia, hakunijua.

Sikuambii haya ili usiende. Nakuambia ili ujue kwamba kwenye meli mambo yakiharibika, swali ni moja tu: uko chumba gani, na bandari gani itakupokea. Ile Diamond Princess ya Japani mwaka 2020 ilikuwa na watu 3,711, wakaambukizwa zaidi ya 700, na walioumia zaidi kwa kufungiwa ni wa vyumba vya ndani. Mwezi huu huu kuna meli iliyokatisha safari yake Lisbon kwa sababu mabaharia waliambukizwa, Brazil imesimamisha meli za kitalii, na Marekani tarehe 30 Desemba iliwaambia watu wake wasipande kabisa, hata waliochanjwa. Sasa hivi ni wakati mbaya. Baada ya wiki sita huenda pakawa na hali nyingine.

Kwa hiyo:

Muulize kaka mama yuko chumba gani. Kama ni cha ndani, aongeze pesa apate cha dirisha, au chenye kibaraza akiweza. Mtu wa miaka 65 akifungiwa siku tano, hewa ni dawa.

Viza. Hili mawakala wengi hawalisemi. Meli ikienda Doha, mmetoka Falme za Kiarabu, na ikirudi mnaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi yake. Lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Na Doha wana masharti yao kwa anayetaka kushuka. Kama hayaeleweki, bakini melini siku hiyo, chakula kipo na bwawa halina watu.

Bima isomwe mstari kwa mstari. Nyingine inalipa hospitali lakini hailipi siku za karantini hotelini. Nyingine haitambui korona kabisa. Na muombe kaka asome sharti la kusogeza tarehe: mpaka siku ngapi kabla, mara ngapi, na wakikufuta wanarudisha pesa au wanatoa vocha. Vocha ya meli Nakiwogo hainunui hata samaki.

La dada wa Nairobi: siku 14 zinakubaliwa, ndiyo kanuni, lakini muhuri wa kuingia Uganda uwe wazi kwenye pasipoti, usomeke tarehe.

Mwisho. Mama hajawahi kukaa majini usiku. Mpeleke kwanza Kalangala na hiyo hiyo feri anayoitazama kila siku. Saa tatu na nusu zitakuambia kama tumbo lake linaelewana na mawimbi.

---

BintiNakiwogo
7 Februari 2022

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa habari, maana mlinishika mkono.

Nilimpima mama tarehe 22 Januari kama Nesi alivyosema. Majibu: ana korona. Mama huyo huyo alikuwa anapepeta mchele uani, hana hata kikohozi. Nilikaa ndani ya gari la jirani dakika kumi nimeshika karatasi ile. Kama ningengoja saa 48 za mwisho, tungekuwa tumesimama kaunta na masanduku. Tulimpa nafasi, tukarudia baada ya siku tisa, akatoka safi.

Siku ile ile ya majibu ya kwanza kaka alisogeza tarehe. Mkataba unaruhusu mara moja bila malipo, mradi iwe siku 15 kabla, na tulikuwa bado tuna siku 21. Sasa tunaenda mwishoni mwa Machi. Aliongeza pesa, tumepata chumba cha dirisha kwa mama na mimi. Kibaraza hakikuwezekana, nami sikumsukuma, ametoa vya kutosha. Viza kweli ilikuwa ya kuingia mara moja. Imebadilishwa. Baharia, hilo peke yake lingetuacha bandarini Doha.

Dada hahitaji tena Busia. Tangu tarehe 29 Januari Falme za Kiarabu zimewafungulia wa Kenya na wengine, kwa vipimo kama vyetu. Hata hivyo nimemwambia asikate ndege isiyobadilishika, kwa sababu lililofunguliwa kwa siku moja linafungwa kwa siku moja. Tutakutana Dubai.

Jina la mama limerekebishwa, ingawa ilichukua safari tatu. Kijana wa kwenye kompyuta mara ya tatu alinipa kiti.

Na jana tulikwenda Kalangala. Kafyu imeondolewa tangu mwezi uliopita, tulitoka bila hofu ya kurudi. Mama alivaa gomesi ya rangi ya machungwa, ile ya harusi ya kaka, na wenzake wote wa pale gatini walisimama kwenye makarai yao wakimpungia mkono. Nilikuwa nimebeba mifuko ya plastiki minne na ndimu kwa ajili ya kutapika. Feri ilipotoka kwenye ghuba na mawimbi ya ziwa kuanza, nilimshika mkono, akautoa. Alisimama kwenye chuma cha pembeni akiangalia nyuma, si mbele, mpaka moshi wa majiko ya Nakiwogo ukapotea. Kisha akaniambia, "Kumbe sisi tunaonekana wadogo hivi." Akala chapati mbili. Mifuko ile tulirudi nayo mikavu.

Nesi, nimeweka dola 90 kwenye bahasha. Nitaandika tena mwezi wa tatu, saa 40 kabla ya ndege.