Tupeane uzoefu: Umeigeuzaje desktopu ya ofisi ya mtumba kuwa mashine ya gemu kwa hela ndogo?

Mleta mada

Wakuu salaam. Hizi Dell OptiPlex na HP za ofisi za mtumba zimejaa mitaani, na swali ni lile lile kila siku: "Nikichomeka kadi ya grafiki hapa, GTA V itacheza?" Ambaye amewahi kuboresha mashine ya zamani aseme alianza na nini, kipi kilikubali na kipi kiligoma. Wale wa "nunua mpya tu mkuu" naomba mtupishe, mwenye hela ya mpya hana shida na uzi huu.

Naanza mimi. Yangu ni OptiPlex 7010 ya mnara, prosesa i5-3470, RAM GB 4 kijiti kimoja. Niliongeza vijiti vya DDR3 kabla ya kugusa kingine chochote, tena nikaviweka viwili viwili. Grafiki za ndani hazina memori yao, zinaazima RAM, kwa hiyo kijiti kimoja kinazibana pumzi. Ikafuata SSD. Hiyo haikuongezei fremu (picha kwa sekunde) hata moja, ila gemu inafunguka chai haijapoa.

Kadi nikachukua GTX 1050 Ti ya GB 4. Sababu ni moja: pawa saplai ya kiwandani ni wati 275 na haina waya wa ziada wa kadi. Tundu la PCIe lenyewe linatoa hadi wati 75, na 1050 Ti nyingi zinaridhika na hizo hizo. GTA V sasa naicheza 1080p setingi za kati bila kukwamakwama. Kwa hiyo ushauri wangu, soma kibandiko cha pawa saplai kwanza, ndipo uanze kuota kadi.

Mdau wa Mwanza

Mkuu umesahau sisi wa makasha membamba. Yangu ni SFF, kadi ya kawaida haifungiki, lazima iwe fupi na iwe na braketi yake fupi. Hapo unabaki na GT 1030, 1050 Ti fupi, au GTX 1650 fupi ukibahatika kuipata.

Kuhusu 1030 muwe macho sana. Ziko mbili, jina moja: ya memori ya GDDR5 na ya memori ya DDR4. Ile ya kwanza inapitisha data GB 48 kwa sekunde, ya pili haifiki hata 17. Duka moja walinipa ya DDR4 kwa bei ya mwenzake. Nikaomba waichomeke kwenye mashine yao, nikafungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, pale pale kaunta, nikamwonyesha muuzaji sehemu ya aina ya memori. Jibu lake: "Kaka, 1030 ni 1030." Nikamrudishia kadi yake nikaondoka.

Dada wa Arusha

Nyie mnaridhika na vidogo 😂 Mimi nina OptiPlex 9020 ya mnara, i7-4770, nikaipania RX 580 ya mtumba ya GB 8. Hiyo inakula kama wati 185, hapo pawa saplai ya Dell haina lake. Na ukitaka kuibadilisha, 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, Dell wameweka yao ya pini 8. Unahitaji kiunganishi cha kugeuza. 7010 ya mleta mada haina usumbufu huo.

Fundi alitaka anitolee umeme wa kadi kwenye waya wa SATA wa hard disk. Nikamwambia, baba, plagi ile imepangiwa kama wati 54 tu, unataka kuniunguzia nyumba? Nikanunua pawa saplai ya wati 500 yenye waya wake wa kadi. Ukijumlisha kadi, pawa saplai na kiunganishi, gharama ilipita bei ya kompyuta yenyewe. Sijutii, ila msije mkaona bei ya kadi peke yake mkadhani ndiyo hesabu yote.

Mdau wa Nairobi

Wakuu, kuna 1050 Ti feki zinazunguka. Ndani ni chipu ya miaka mingi nyuma, imebadilishwa jina tu ili Windows isome 1050 Ti. Ukiona kadi ina tundu la VGA, lile la monita za zamani, shtuka, chipu za familia ile hazitoi VGA. GPU-Z inazikamata nyingi na kuandika wazi kwamba ni feki.

Jambo lingine, Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hizi za kizazi cha 3 na cha 4 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Mimi nilihamia Linux Mint, gemu nyingi za Steam zinacheza kupitia Proton, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux. Lakini Valorant huko sahau, na FC mpya (ile ya mpira) pia, ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu unakataa.

Mdau wa Tanga

Mimi sikununua kadi kabisa. Nilifungua kasha, nikapuliza vumbi, nikatoa feni ya prosesa. Pesti ya kupitisha joto imekauka kama unga wa muhogo! Nikapaka mpya, mashine ikaacha kupunguza mwendo kila ikipata joto. PES 2021 inanitosha, nyie endeleeni na mambo yenu.

Mdau mgeni

Shikamooni wakuu. Nina Core 2 Duo, RAM GB 2. Nianze na nini?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Usiweke hata shilingi humo. Iuze, ongezea, tafuta yenye i5 ya kizazi cha 4. Ya 4 na siyo ya 3 kama yangu, kwa sababu ina AVX2 (seti ya maagizo ndani ya prosesa), na kuna gemu mpya hazifunguki kabisa bila hiyo. Chukua ya mnara, usichukue nyembamba. Na monita yako ikiwa ni ya VGA tupu, tenga hela ya kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, maana kadi nyingi tulizozitaja hazina tundu hilo.

Mdau mgeni

Asante mkuu. Monita ni VGA kweli 😅